Majani Aliyoyapanga Baba

Nilirudi Litembo kumzika baba nikiwa na cheti kipya cha unasihi na kichwa kikubwa kuliko cheti chenyewe. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya kiutu: kwamba binadamu si mashine wala rundo la magonjwa, kwamba mwenyewe ndiye anayejua panapomuuma, na kazi yako ni kumpokea bila masharti, bila kumhukumu, na kuuona ulimwengu kwa macho yake. Niliyakariri yote. Kuyatumia, hilo halikuwamo kwenye mtihani.

Baada ya matanga, mama aliacha kusema. Akiamkiwa aliitikia, basi. Alishinda jikoni, samaki wakavu walioletwa na wajomba kutoka Ngumbo wakawa sikukuu ya paka, na msimu wa kupanda maharage ukawa unayoyoma. Nilimhofia, kweli. Lakini nilifurahi pia, Mungu anisamehe: nilikuwa nimepata mteja wa kwanza.

Nikaweka viti viwili, urefu sawa, kama kitabu kinavyotaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unajisikiaje?"

"Salama."

"Nasikia unasema uko salama."

Akanitazama kama mtu anayepima homa. "Umekula, baba?"

Tuliendelea hivyo wiki mbili. Nilinyamaza ule ukimya wa kitaalamu, nikatikisa kichwa kwa huruma mpaka shingo ikaniuma. Mama akaanza kunikorogea uji, akidhani naumwa.

Ndipo akaja shangazi, dada yake baba, ambaye cheti chake pekee ni cha ubatizo na kililiwa na mchwa. Kabla ya kufika nyumbani alipitia shambani, jambo ambalo mtaalamu hakuwa amelifikiria. Kwetu Wamatengo, kwenye miteremko, tunalima ngoro: mwanaume hufyeka majani na kuyapanga chini miraba miraba, kisha mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia kwa udongo, na juu yake hupanda maharage. Baba alikuwa ameshapanga. Alibakiza mistari mitatu.

Shangazi akaingia jikoni na majembe mawili. "Wifi, unaogopa kumzika mara ya pili?"

Mama akalia. Akasema yote: kwamba majani yale ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe, na kwamba kila alfajiri alifika ukingoni mwa shamba, jembe begani, akarudi. Kila alfajiri, mimi nikiwa nimelala. Niliona aibu, na nilimwonea shangazi wivu.

"Twende tumfukie sote," shangazi akasema.

Walichimba hadi mchana. Walipofika kwenye ile mistari mitatu, mama akaniita. "Ulitaka kunisikiliza? Haya, panga."

Nikapanga. Mmatengo mzima, sikujua.

"Umepindisha. Baba yako hakuwa hivyo, alikuwa anaanzia juu, anashuka taratibu, anaimba vibaya. Toa. Anza upya."

Alinihukumu kila mraba, kwa masharti mengi, bila chembe ya huruma ya kitaalamu. Na alikuwa anaongea.

Mraba uliofuata niliupindisha kwa makusudi.