Pasi ya Kwenda Ziwani

Mama yangu, Theopista, aliishi nyumba za reli Gerezani miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakurudi kwao Bukoba hata mara moja. Baba alirudi mara kumi na tisa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanamsifu sana baba, na wakimsifu hesabu hii hawaigusi.

Baba, Onesphory, alikuwa fundi bati katika karakana ya reli. Kila mwaka alipata likizo ya siku ishirini na nane pamoja na pasi ya familia, karatasi moja ya kusafiri bure kwa treni hadi Mwanza na kwa meli hadi Bukoba: mfanyakazi, mke wake, na watoto wasiotimiza miaka kumi na minane. Ungedhani watoto wa nyumba yenye karatasi hiyo wangelijua ziwa. Lakini watu wa kwetu waliokuwa Dar walikuwa na umoja wao, na kazi kubwa ya umoja ilikuwa kumrudisha kila aliyekufa akazikwe kwenye migomba ya baba yake. Safari ilikuwa ndefu. Jeneza lilivikwa bati kwa ndani, likalehemiwa lisivuje, na ilibidi fundi alisindikize njia nzima, maana mshono ukiachia pale Tabora nani ataushughulikia? Fundi alikuwa baba. Kila mwaka mtu alikufa karibu na likizo yake, au likizo ilisogezwa ikamfuata aliyekufa. Safari za msiba baba hakutuchukua, na pasi ikishagongwa muhuri, imekwisha mpaka mwakani.

Mwaka 1976 mama alichachamaa. Mimi, Severa, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa natimiza miaka kumi na minane mwezi wa tisa, na baada ya hapo pasi isingenihusu tena. Alimwambia baba tukiwa tunakula, "Baba Severa, mwezi wa sita tunaenda. Mwaka huu hata afe nani."

Akapanga kila siku ya safari ile. Alikuwa muuza ndizi Kariakoo, na nadhani wateja wake wote waliujua mpango wetu. Siku ya kwanza ufukweni, tuogelee kwenye maji yasiyo na chumvi, jambo ambalo wadogo zangu wawili walikataa kabisa kuliamini. Siku ya pili mtumbwi hadi kisiwa cha Musira, tupande majabali tuuone mji wote kutoka juu. Kisha mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, alfajiri, kuchagua sato na kuwachoma pale pale. Jumamosi mpira Kaitaba. Jumapili misa Bunena, halafu kutembea kandokando ya maji, baba katikati yetu, bila mtu wa kumwita. Alipanga foleni siku mbili duka la ushirika kupata kitambaa, akatushonea sote nguo za aina moja.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Mzee Theophil, mwenyekiti wa umoja, alibisha hodi. Tulimwamkia, akaketi, akakataa chai. Eliakimu, karani mmoja wa kule Posta, alikuwa amefariki. Jeneza lilikuwapo. Tatizo lilikuwa mjane wake, Hyasinta, na wanawe: hawakuwa na nauli ya kumfuata marehemu.

"Pasi haina majina," alisema Mzee Theophil. "Imeandikwa mke na watoto watatu. Na Hyasinta ana watatu."

Alisema kama vile Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga.

"Na mimi nina watatu," mama alijibu.

"Mama Severa, wewe una mume."

Mama alimgeukia huyo mume. Baba alikuwa anatazama viganja vyake. Kisha aliinuka, akaenda nyuma kuchukua mkasi wa bati, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Nilimchukia baba siku ile, na nilimchukia zaidi kwa kuwa sikupata mtu wa kuniunga mkono. Ukikataa kumsaidia mfiwa, una roho mbaya. Basi.

Bi Zena, jirani yetu wa ukuta mmoja, mzaliwa wa Pwani, alikuja jioni kumpa mama pole. "Sisi mtu wetu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika," alimwambia. "Nyinyi maiti wenu wanasafiri kuliko nyinyi." Mama hakucheka.

Tulikwenda stesheni kuwasindikiza, kwa sababu ndiyo adabu. Mkagua tiketi aliisoma pasi, akamwangalia binti mkubwa wa Hyasinta, msichana wa rika langu, mrefu kunipita.

"Huyu ni mwanao?"

"Ndiyo," alisema baba. "Wa kwanza."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, nimebeba kikapu chao cha chakula.

Baba alirudi baada ya wiki tatu na samaki wakavu. Mama aliwapokea, akawaosha, akawapika vizuri. Tulipomaliza kula alisema kwa sauti ya kawaida, "Nikifa nizike Kinondoni. Sitaki kwenda Bukoba nikiwa sioni." Baba alimwambia ana hasira tu, itapita. Tangu siku ile mama hakuitaja tena safari, na baba akachukua ukimya huo kuwa ni amani.

Mama alifariki mwaka 1984, kwa homa ya siku tano. Umoja ukajaa uani kwetu. Nilipotoka chumbani nilimkuta baba amechutama karibu na jeneza, ameshaanza kukata bati, machozi yanamtiririka huku mkono wake haukosei mstari. Niliweka kiganja changu juu ya bati.

"Alisema Kinondoni."

"Alisema kwa hasira, mwanangu."

"Ndiyo, baba. Na hukumwondolea."

Mzee Theophil aliniambia binti hapangi maziko. Wengine walisema ni aibu, mke wa mtu aliyewarudisha wote aachwe mjini. Niliwajibu kwamba pasi ya mama ilitumika mwaka 1976, wamuulize Hyasinta, yule pale. Hyasinta aliinamisha kichwa. Baba akauweka mkasi chini.

Tulimzika Kinondoni Alhamisi alasiri, kwenye jeneza la mbao tupu. Wakati wa kurudi baba alitembea kando yangu. Aliniuliza kama mama aliwahi kuniambia ni kitu gani hasa alitaka kukiona kwanza kama tungefika kule.

Nilikuwa nakijua. Sikumwambia.