Nilifuta Mstari wa Wafiwa

Jamani, kosa ni langu, si la kompyuta. Mkinizomea, sawa tu.

Mimi ni kijana wa Mkumbi, huku Mbinga, shule niliishia kidato cha nne. Kuandika programu nilijifunzia kwenye simu. Sasa kuna mashindano mtandaoni: mnapewa kazi moja, atakayeiandika kwa herufi chache kuliko wote ndiye bingwa. Weee, nilinogewa! Nilishajiona Dar, ofisi ina kiyoyozi!

Kikundi chetu cha wakulima kina mashine moja ya kumenyea kahawa mbivu. Nikawaandikia programu ya kupanga zamu kila asubuhi. Wazee wakanipigia makofi. Kwa fahari nikaionyesha kwa wale wa mashindano. Mmoja akanichapa: "Wa Mbinga, hiyo programu ndefu kama barabara ya Mbamba Bay!"

Wakaifanya ndiyo kazi ya shindano la wiki ile, nami nikaanza kupunguza. Ukabaki mstari mmoja mnene: mwenye msiba awe wa kwanza. Ndivyo tunavyofanya kwetu, maana mfiwa akirudi kutoka kuzika, kahawa yake imeshakaa na iko karibu kuchacha. Nikasema, mbona msiba wenyewe haupo? Nikaufuta. Nikashinda! Na kwa ujinga wangu, ile fupi ndiyo nikaiweka kwenye kompyuta ya katibu.

Wiki mbili shwari. Kisha Mama Tumaini, jirani aliyenipa simu yake ya zamani nijifunzie, akafiwa na kaka yake aliyekuwa akiishi Liuli, kando ya ziwa. Akashuka ziwani kuzika. Majirani tukamchumia kahawa. Aliporudi, magunia yalikuwa na siku mbili, yameanza kunuka.

Katibu akamwekea alama ya msiba kama kawaida. Orodha ikatoka, foleni ya siku mbili: yeye wa mwisho, kesho jioni.

"Katibu, mimi si nimetoka msibani?"

"Pole sana, mama. Kompyuta ndiyo imepanga, mimi nifanyeje?"

Nilikuwa nimesimama palepale! Neno moja lingetosha. Nikawatazama wale wazee wa makofi, nikajifanya nakaza kamba ya gunia.

Kahawa ikachacha yote.

Juzi akaniambia, "Hata kompyuta imenisahau, mwanangu. Hebu iangalie, isije ikamsahau na mwingine."

Nikajibu, "Sawa, mama." Basi!

Mstari nimeurudisha. Kahawa nitairudishaje? Kila nikienda kumwambia ukweli, ananitangulizia kiti na ugali, nakula, naaga, naondoka na ukweli wangu moyoni.

Nyie mnaopenda kufupisha, kabla hujafuta mstari, uliza uliwekwa kwa ajili ya nani. Na ukishakosea, sema palepale, magunia yakiwa bado mlangoni. Mimi nimechelewa.