Udongo Usioota Hata Jani

Leo muuza udongo wa maua amenisifia mfuko wake. "Huu ni safi, mathe. Hauoti hata jani."

Nimecheka mpaka akanuna.

Acha niwaeleze.

Miaka ya themanini, Dandora. Baba alikuwa kibarua kwenye godauni fulani Industrial Area. Siku moja akaleta magunia mawili ya udongo wa uani pa godauni hilo. Mweusi, laini, bila gugu hata moja. Alijisifu wiki nzima.

Mama akapanda maharagwe nyuma ya nyumba. Yakaota vizuri, kisha majani yakaanza kugeuka manjano pembeni. Yakakauka yote.

Mama akamvaa jirani yetu, Mama Halima. "Ni maji yako ya sabuni unayomwaga huku."

Mbele ya watu. Mimi bado naona aibu.

Mama Halima hakubishana. Alichukua makopo mawili, moja akatia udongo wetu, la pili udongo wake, akapanda maharagwe yale yale. Akayaweka mlangoni kwetu.

Wiki tatu baadaye, la kwake lilikuwa kijani. Letu lilikuwa limekauka.

Baba akakuna kichwa. "Lakini dawa ya magugu pale godauni walipuliza kitambo."

"Na hukujiuliza kwa nini hakuna hata jani?" Mama Halima akamuuliza.

Siku hiyo hiyo akatuchotea udongo wake, ndoo baada ya ndoo, na mama akipokea.

Asante, Mama Halima, popote ulipo.

Na muuza udongo? Nimemwambia anipe mfuko wenye magugu.

Nyinyi mngechukua upi?