Kilima Walichosema Hakitaguswa

Rafiki yangu nami tulisomea mimea pamoja Lubumbashi. Tulikaa chumba kimoja, tukala bukari, ugali wa kwetu, kwenye sahani moja. Alipopata kazi ya mazingira katika kampuni ya mgodi upande wa Kolwezi, hakunisahau. Alinipigia simu akasema kuna kilima kitachimbwa, na juu yake kuna maua ambayo hayaoti kwingine.

Penye shaba nyingi kwetu, miti hushindwa kuota. Kilima hubaki na nyasi fupi na maua yaliyoizoea sumu ya shaba, mengine madogo hata uyapigie magoti ndipo uyaone. Ukiuondoa udongo ule, nayo yamekwisha.

Nikaajiriwa nami, na kazi yetu ilikuwa kuyahamisha. Kampuni ilitenga kilima cha pili, chenye udongo kama ule, ikasema hakitaguswa kamwe. Tatizo ni kwamba akina mama wa kijiji cha karibu walikuwa wakiokota mawe ya kijani pale na kuyauza.

"Nenda wewe," rafiki yangu aliniambia. "Weye batakusikiliza."

Nilikwenda. Mama mmoja mnene, aliyesemea wenzake, aliniuliza waziwazi: "Tukitoka pale, haba batu ba kampuni hawatakuya kuchimba?"

"Hapana, mama. Nimeambiwa na mtu aliye kama dada yangu."

Wakatoka.

Tulikata udongo vipande vipande pamoja na mizizi ya maua, tukavipanda upya kwenye kilima cha pili. Mbegu nilizianika sebuleni kwangu, juu ya magazeti, mpaka wageni wakakosa pa kukaa. Vipande vyembamba vilikufa. Vile vinene vilishika. Mvua ziliporudi, maua ya zambarau yalifunguka kwenye kilima kipya. Rafiki yangu alipiga magoti kando yangu akalia. Mimi pia nililia.

Kiangazi kilichofuata nilipanda pikipiki kwenda kuchuma mbegu. Nilikuta tingatinga limepasua barabara hadi kileleni, na mashine ya kutoboa mwamba ikinguruma katikati ya maua yetu. Kijana mwenye kofia ngumu alinizuia.

"Mama, huku ni chantier, banachimba. Rudia nyuma."

Nilimpigia rafiki yangu nikiwa palepale.

"Ulijua?"

"Bakubwa baliamua zamani."

"Zamani lini?"

"Mbele tuanze kupanda."

Nilidhani sikusikia vizuri, kwa kelele za mashine. Akarudia kwamba ilikuwa kabla hatujapanda hata kipande kimoja, kisha akaongeza haraka: "Ningekuambia, ungeacha kazi. Walau tumejifunza namna ya kuyahamisha. Tutayahamisha tena."

Nilikata simu. Nilikumbuka machozi yake siku ile, nikashindwa kuelewa alikuwa akimlilia nani.

Kutoka pale nilishuka kijijini, maana nisingeweza kupita bila kusema. Yule mama alikuwa akimenya muhogo. Hakusimama.

"Tuliona mashine," alisema. "Balikupa nini?"

"Hawakunipa kitu, mama. Nami wamenidanganya."

"Labda. Lakini kinywa kilichotutoa pale kilikuwa chako."

Kesho yake nilirudi na magunia na jembe, nikaingia kwa upande wa chini ambako mashine haikuwa imefika. Yule kijana wa kofia ngumu aliniona, akageuza uso. Niling'oa vipande nilivyoweza, nikavipakia kwenye lori la muhogo lililokuwa likienda Lubumbashi. Vingi vilikauka njiani. Vilivyobaki viko kwenye bustani ya chuo, juu ya udongo niliokuja nao.

Kazi ya kampuni niliiacha. Rafiki yangu bado hunitumia salamu za Noeli, na picha za watoto wake. Sijibu. Zamani nilitunga majibu mengi kichwani, ya hasira, hata ya kumsamehe. Siku hizi salamu zake nazisoma tu, kisha naendelea na kumwagilia.

Kijijini bado napita, nikienda kutafuta mbegu kwenye vilima vilivyosalia. Yule mama hunisalimia vizuri na kuniuliza habari za nyumbani. Ila kiti hanipi.