Mwalo Uliofagiwa

Watu wa kwetu hawapigwi picha ovyo. Ukiwaambia unakuja na kamera, wanaoga. Nilikuwa na studio ya picha mjini, mtaa wa Nyasho, kwa hiyo hilo nililijua kuliko mtu yeyote, na bado nikafanya ujinga wa kutuma salamu kwamba nakuja.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mikanda ya kamera, ambayo kabla ya hapo tuliipata kwa magendo kupitia mpakani Sirari, ilianza kuuzwa dukani mchana kweupe. Samaki nao walipata wanunuzi, magari ya barafu yakawa yanafika hadi mialoni, wavuvi wanakopakulia, kuchukua sangara. Penye wanunuzi hapakosi wenye haraka, na ikasemekana wapo wanaomwaga sumu ziwani. Basi samaki wafu walipotupwa na mawimbi ufukweni kwenye mwalo mmoja karibu na Kisorya, bwana samaki, yaani afisa uvuvi wa wilaya, hakuuliza mara mbili. Aliagiza mgambo wachukue nyavu za shemeji yangu, mume wa dada, kwa sababu mtumbwi wake ndio pekee ulioonekana majini siku ile.

Shemeji aliapa kwamba ni ziwa lenyewe. Hutokea: baada ya upepo mkali, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu na samaki hufa, wakubwa kwa wadogo. Bwana samaki alilijua hilo, na haki yake nimpe, alitoa nafasi ya kuthibitisha. Gari lake halikuwa na mafuta, akaniita mimi.

"Kapige picha kama walivyolala," aliniambia. "Wakiwa wametapakaa ufuko mzima, mpaka furu na gogogo kwenye matete, hilo ni ziwa. Wakiwa mahali pamoja, huyo ni mtu. Nyavu zitarudi au hazitarudi kwa hizo picha."

Kama walivyolala. Niliyarudia maneno hayo juu ya lori la pamba kutoka Bunda, mavumbi yakiniingia puani.

Nilipofika nilitaka kulia. Mwalo ulikuwa umefagiwa! Mistari ya fagio ilionekana mchangani toka majabalini hadi kwenye matete. Akina mama wa kanisani walikuwa wamewaokota samaki wote, wakawaosha matope, wakawapanga juu ya turubai moja: sangara nyuma, sato katikati, furu mbele, kama darasa la saba siku ya picha ya kuhitimu. Gogogo wawili wenye masharubu waliwekwa pembeni, nadhani kwa sababu ya sura zao. Nyuma ya turubai kijiji kizima kilisimama kwenye uvundo ule kikiwa na nguo za Jumapili.

"Nani amewaambia mfagie?" niliuliza.

"Ee, si picha inaenda wilayani?" mama mmoja alinijibu. "Watu waone uchafu wetu? Mgeni akija tunafagiaga."

"Mama, mimi nilikuja kupiga huo uchafu!"

"Mpiga picha gani anatakaga uchafu?"

Niliwaomba wawarudishe walipowaokota. Wakakubali kwa moyo mweupe, na hapo ndipo waliponimaliza kabisa. Kila samaki aliwekwa kwa nafasi sawa, kichwa kikitazama ziwa, huku watu wawili wakigombana: huyu alikuwaga huku, hapana, alikuwaga kule. Nikawaambia waache. Maji yakishamwagika hayazoleki, na kile tulichokuwa tunakifanya kilishaanza kuwa uongo. Wakawarudisha kwenye turubai, nami nikapiga hivyo hivyo.

Shemeji alikuja mwisho, amevaa koti lake la harusi. Alitaka kumshika sangara mkubwa ili bwana samaki amwone vizuri, labda atagundua hakuna sumu. Alisimama amekauka, na uso wa mtu asiye na nyavu. Mdomo wangu wa studio ukatangulia akili.

"Shemeji, kidevu juu. Cheka kidogo."

Akacheka. Nikapiga.

Picha zilisafishwa Mwanza, nikazipeleka ofisini. Bwana samaki alizitazama moja moja. Nilimweleza habari ya ufagio, na nusura aniamini. Yeye pia ni mtoto wa pwani ya ziwa, akasema hata mama yake angefagia. Kisha akaifikia ile ya shemeji.

"Na huyu? Mtu amenyang'anywa nyavu, anacheka nini?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa fupi. Nilijiambia kwamba nikilitoa atasema picha zote ni za kupangwa. Ukweli ni kwamba niliona aibu, fundi mzima kumwambia mtu acheke katikati ya mizoga.

"Ndivyo alivyo," nikasema. "Ana uso wa kucheka."

Akaziweka picha kwenye faili, akalifunga.

Nyavu hazikurudi. Shemeji alikwenda kupalilia pamba ya watu upande wa Bunda, na dada alipouliza kilichoharibu kesi ni nini, nilimwambia ni ule ufagiaji. Habari ikafika kijijini. Mama yule aliyenijibu ufukweni akaja hadi Nyasho na wenzake wawili, wakakaa kwenye benchi la wateja wangu, wakaniomba radhi kwa kumponza shemeji yangu.

Nikawaambia nimewasamehe.