Salamu ya Dada

Benki moja ya Musoma ilitukopesha mimi na dada yangu kwa sababu serikali ilitudhamini. Wenyewe hatukuwa na nyumba wala ng'ombe wa kuweka rehani. Tulianzisha huduma ya kutuma bei za samaki wa Rukuba na Kisorya kwenye simu za wachuuzi wa Bunda na Butiama. Bei niliandika mimi. Dada alirekodi salamu ya sauti ya kutangulia bei: "Mmeamkaje, wenzangu? Bei za leo hizi hapa."

Alipofariki nikaweka sauti yangu. Wachuuzi wakaanza kujitoa. Ofisa mikopo akanipigia: dhamana ya serikali ni ya biashara inayotembea, kwa hiyo nirudishe kile kilichokuwa kinavuta watu. Kile! Nilimkatia simu. Kesho yake nikairudisha salamu ya dada.

Sasa kila alfajiri marehemu anawaamsha watu. Mama mmoja wa Bunda, muuza dagaa, nasikia humjibu kwa sauti: "Tumeamka salama, mwanangu. Wewe je?" Mama huyo alikuja mazikoni, akatupia udongo kaburini kwa mkono wake. Nikampigia kwa hasira kumuuliza anamjibu nani.

"Najua amekufa," akasema. "Lakini mtu akikusalimia, wewe unanyamazaga?"

Salamu ile naituma mimi kila siku, naisikiliza mpaka mwisho, na sijaijibu hata mara moja.