Vipande vya Sketi za Shule

Mwaka ule nilikuwa nashona sare za shule katika chumba kimoja nilichopanga Mwembesongo, cherehani chini ya dirisha, kitanda nyuma ya pazia. Januari ndiyo msimu wetu mafundi. Wazazi wote wa Morogoro hugundua siku moja kwamba watoto wao wamerefuka, na kila mmoja anataka sketi yake iwe imekwisha jana. Kwa hiyo pembeni mwa cherehani palikuwa na kiroba kilichojaa mabaki ya kitambaa cha bluu iliyoiva, ile ya sketi za shule ya msingi. Nakitaja kiroba hicho mapema kwa sababu nusura kiniue.

Nilikuwa na mimba ya wiki saba. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu, kisha nikapima kwa kile kipimo cha mkojo, mistari miwili ikajitokeza bila hata kusita. Mwanamume aliyehusika alikuwa mfanyabiashara wa mahindi wa Gairo. Nilipompigia simu kumwambia alisema mtandao unakatakata, na tangu siku hiyo mtandao wake haujapona. Huyo tumalizane naye hapahapa, hana kazi nyingine katika habari hii.

Mwenye kazi ni mama yangu. Anaishi juu milimani, kijiji cha misheni, analima kabichi na karoti, na Jumamosi hushuka nazo mjini. Wakati huo alikuwa tayari anamlea binti yangu wa kwanza, wa miaka mitano. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba akikimbia anakimbia peke yake, mtoto hakosi kwao wala shamba. Watu wasiotujua wangedhani nilificha mimba kwa aibu. Hapana. Nilificha kwa sababu nilijua mama angesema, "Mlete." Angesema hivyo na magoti yake yale, yanayomfanya ashuke mlima kinyumenyume penye utelezi, na angembeba huyo wa pili mgongoni hadi shambani bila kulalamika hata mara moja. Nilimwonea huruma. Na niseme ukweli wote: mimi mwenyewe sikumtaka yule mtoto. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja na sijawahi kuweza kuyatenganisha.

Vidonge nilivipata kwenye duka la dawa mtaa wa mbali na kwetu, kwa mtu aliyenihudumia huku akitazama barabarani. Hakuniuliza mimba ina muda gani wala kama nina ugonjwa wowote. Kwa sheria zetu jambo lile lingeweza kumfunga yeye na kunifunga mimi, hivyo sote wawili tulikuwa na haraka. Alivifunga kwenye karatasi ya daftari.

"Itakuja kama siku zako, nzito kidogo," alisema. "Ikikata, umemaliza."

"Na isipokata?"

"Itakata, dada." Akamgeukia mteja aliyetaka dawa ya kikohozi.

Hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa. Siku niliyonunua sumu ya panya nilielezwa zaidi.

Nilichagua Ijumaa mchana. Uani kwetu hakuna siri: kamba ya nguo ni moja, bomba ni moja, choo ni kimoja, na takataka zote huchomwa kwenye shimo moja nyuma ya jiko. Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa hapahapa Morogoro, aliswali swala zake tano, na katikati ya swala na swala alituhesabu sisi wapangaji. Alijua siku za kila mwanamke kwa kutazama kamba na shimo. Ningetupa pedi nyingi kwa mkupuo, angeziona kabla moto haujazishika. Ndipo nilipokitazama kile kiroba. Vipande vya sketi ni vizito, vinanyonya, na rangi yake haioneshi kitu. Nilivikunja vinne vinne, nikavipanga kitandani kama ninavyopanga kazi ya mteja, nikaweka ndoo ya maji ya sabuni chini ya kitanda. Nilijiona mjanja kweli.

Nilipokwisha kumeza vidonge, kwanza ilikuja baridi. Januari ya Morogoro, bati linapasuka kwa jua, na mimi natetemeka hadi meno yanagongana. Halafu nikaharisha. Halafu maumivu. Yule mtu alisema kama siku zangu, lakini siku zangu hazijawahi kunifanya ning'ate mto. Yalikuja na kuondoka, yakaniachia nafasi ya kuvuta pumzi, yakarudi, na mimi niliyekwisha kuzaa niliyatambua. Nilimtukana yule muuza dawa kwa matusi ambayo sikujua kwamba nayajua.

Kilichonitia hofu zaidi ni ukimya wa cherehani. Msimu wa sare fundi hanyamazi. Jirani asiposikia cherehani mchana kutwa atagonga kuuliza kama unaumwa. Basi nilikaa kwenye kiti, mguu kwenye pedali, nikaendesha cherehani isiyo na uzi wala kitambaa. Maumivu yakipanda, naongeza mwendo. Nje walisikia mtu mwenye bidii ya kazi.

Kuelekea magharibi damu ilifunguka, na mabonge. Moja lilikuwa kubwa kuliko mengine na rangi yake si ya damu tupu. Niliangalia. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaangalia, lakini niliangalia. Hakukuwa na mtoto wa kuonekana, na hata hivyo nililia, peke yangu, kwa sauti ndogo, mguu ukiendelea kukanyaga pedali. Baada ya hapo maumivu yalilegea. Nikasema basi, imekwisha, nikalala.

Haikuwa imekwisha. Usiku niliamka na kubadilisha, nikaamka na kubadilisha, nikilowesha kila kipande kwenye ndoo bila kuwasha taa. Sikuhesabu. Asubuhi niliwasha taa nikatazama kile nilichokuwa nimevaa, na hakikunitisha hata kidogo. Kitambaa cha bluu iliyoiva kikilowa damu hakiwi chekundu. Kinakuwa cheusi kidogo tu, sawa na kilicholoweshwa maji. Niliposimama sakafu iliinama, nikakaa tena, nikajiambia ni njaa.

Mama alipiga hodi saa nne, akiwa ameshakabidhi kabichi zake sokoni. Hakuwa na kawaida ya kuingia bila kuitikiwa, lakini siku hiyo aliingia.

"Shikamoo mama," nilisema nikiwa nimelala.

"Marahaba. Una nini?"

"Siku zangu tu."

"Mbona midomo imekuwa myeupe?"

Mama alifanya kile ambacho kila mama wa kwetu angefanya: aliwasha jiko, akabandika maji ya kunikanda. Tumbo la mwanamke likiuma linakandwa kwa maji ya moto, damu mbaya itoke, ndivyo tulivyolelewa. Wakati maji yanachemka akaivuta ile ndoo chini ya kitanda ili anifulie. Nilimwambia aiache. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aache kupumua, akatoka nayo hadi bombani, na beseni langu jeupe kwapani.

Alirudi upesi kuliko nilivyotarajia. Hakuwa amemwaga maji. Aliweka beseni sakafuni mbele yangu, na lilikuwa jekundu kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hii ni ya kitambaa kimoja," alisema. "Viko vingapi?"

Sikujua viko vingapi. Mama alizima jiko. Akanifunga kanga mbili, akaniinua, akanitoa nje mbele ya macho ya ua mzima huku akiita bajaji kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Nilitaka kumwambia asipige kelele, watu watajua. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu wakati nakaribia kufa: watu watajua.

Hospitalini muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, mwenye mikono mepesi. Alinivuta kope za chini akatazama rangi, akapima presha, akaita mwenzake alete dripu. Huku akinitafuta mshipa aliniuliza nimebadilisha pedi ngapi.

"Natumia vitambaa."

"Vingapi?"

"Sikuhesabu."

"Vilikuwa vinalowa chapachapa?"

"Sikuweza kuona. Ni vya bluu."

Aliinama karibu, akauliza taratibu, "Kuna kitu umekunywa?"

Nilitazama ukuta. Kwenye kichwa changu palikuwa na polisi, na jina langu likisomwa, na binti yangu akiambiwa mama yako yuko wapi. Aliyejibu ni mama. Alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, rozari shingoni, udongo wa shamba bado kwenye kucha.

"Aliinua ndoo ya maji, sista. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Imetoka yenyewe."

Mama yangu, aliyekuwa kilomita chungu nzima kule mlimani. Mama aliyewahi kunirudisha dukani na peremende moja niliyopewa zaidi kwa makosa.

"Mama," muuguzi alisema, "iwe imetoka au imetolewa, damu ni ileile na tiba ni ileile. Nauliza ili nimtibu, sikuulizi kwa ubaya."

"Ndoo," alisema mama. "Aliinua ndoo."

Muuguzi aliandika kitu, sijui nini, wala hakuuliza tena. Walinisafisha, kulikuwa na mabaki yaliyokataa kutoka. Waliniongezea damu. Siku mbili sikuweza kukaa bila kushikwa.

Kabla sijaruhusiwa yule muuguzi alivuta kiti. Hakunihubiria. Alinieleza yale ambayo ningepaswa kuelezwa na yule aliyekuwa akitazama barabarani, na alinieleza bila kusema kwa nini ananieleza. Baridi na kuharisha huja, lakini huondoka ndani ya siku moja. Maumivu makali na mabonge vinatarajiwa. Ila mimba ikishatoka, damu inatakiwa ipungue, ibaki kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Ukilowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, na saa inayofuata tena mbili, usisubiri kupambazuke. Homa ikipita siku moja, harufu mbaya, maumivu yasiyosikia dawa, kizunguzungu cha kuanguka: njoo, na usiogope kuja, hapa tunatibu kila anayetokwa damu.

"Na tumia kitu cheupe," alisema akiinuka. "Jamani, cheupe, ili uone."

Mama alikaa kwangu wiki mbili, kabichi zake zikipasuka shambani. Alinikanda sasa kwa kuwa hospitali walikubali, taulo na maji ya moto, mgongo na miguu, asiguse tumbo. Alinipikia uji wa pilipili manga aliyoishusha mwenyewe kutoka mlimani. Uji huo harufu yake haina maelezo mengine. Ni uji wa mzazi. Kila aliyepita mlangoni alijua kwamba ndani kuna mwanamke anayetunzwa uzazi, na kwamba hakuna mtoto. Mama mwenye nyumba alikuja mara moja, akasema, "Pole, mwanangu," akaondoka. Kesho yake niliona amehamisha kiti chake, amekigeuza, mgongo kwenye kamba ya nguo. Na mimi niliyemwogopa kuliko polisi nililia pale dirishani.

Mama hakuniuliza chochote, si siku ile, si baadaye. Vile vipande vya bluu alivichoma vyote.

Miezi ikapita. Mimi niliungama hapahapa mjini, kwa padri asiyenifahamu, nikiwa nimepiga magoti na sauti nimeibadilisha kama mtoto. Aliniuliza kama najuta, nikasema najuta, kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Akaniondolea dhambi. Krismasi nilipanda mlimani na zawadi, na gauni jipya la binti yangu nililolishona usiku mzima. Kanisani, wakati wa komunyo, niliingia kwenye mstari na wenzangu, nikapokea, nikarudi. Mama alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, akiwa amejibana ili watu wapite.

Nilidhani ni magoti. Binti yangu akaninong'oneza kwa fahari ya mtoto anayejua habari, "Bibi siku hizi hapokei. Tangu kule kwako."

Nilimngoja mama njiani, penye ule mteremko anaoshuka kinyumenyume. Nilimshika mkono, binti yangu akiwa ametangulia na wenzake. Nikamuuliza kwa nini hapokei.

"Nilimdanganya yule sista," alisema. "Na kwa jambo gani, unajua mwenyewe."

"Si uungame, mama? Ni uongo tu. Padri atakusamehe."

Alitafuta pa kuweka mguu, akapaona, akashusha uzito wake.

"Padri ataniuliza kama najuta," alisema. "Nitamjibu nini? Wewe uko hapa umenishika mkono."

Nilikuwa bado na ladha ya ule mkate mdomoni. Mama aliniambia nitazame chini, pana utelezi.